Fetri na viraka: nini inaweza kufundishwa hapa kwetu, na nini haiwezi



Neno feutre sisi wote tunalijua: ni ile biki nono ya kuandika kwenye tablo nyeupe. Ilipewa jina hilo juu ya ncha yake, yenye ilitengenezwa kwa fetri. Na fetri yenyewe ni nini? Ni kitambaa chenye hakikufumwa wala kushonwa. Ni sufu ya kondoo, maji ya moto, sabuni na mikono. Basi.

Ninaandika juu ya jambo hili sababu kila likizo vikundi vyetu vinatafuta formasio mpya ya kupatia vijana. Tumefanya sabuni, tumefanya mikate, tumefanya yaurti. Sasa video za fetri na za blanketi za viraka zinatembea kwenye simu, na kuko wenye wanasema: tulete ile hapa, tutauza. Mbele ya kuileta, tuielewe.

Huko inatoka, ni kitu ya sikukuu. Jimbo la Maryland, Marekani, kila mwanzo wa mwezi wa tano, tangu miaka ya 1970, kunafanyika Maryland Sheep and Wool Festival: wafugaji wanaleta kondoo, manyoya yanahukumiwa na kuuzwa, na pembeni kuko madarasa ya saa chache ambamo mtu analipa na kujifunza kusokota, kutia rangi, kufanya fetri. Houston, Texas, kunafanyika sikukuu kubwa ya wenye kushona mfarishi. Mfarishi ni blanketi ya tabaka tatu: juu ni vipande vya kitambaa vilivyounganishwa, katikati ni kitu laini cha kuleta joto, chini ni kitambaa kizima, kisha mishono inapita yote matatu ili visitembee. Watu wanaenda kule kufurahia, na wanarudi nyumbani na kitu mkononi. Kufurahia ni sehemu ya kazi. Mwalimu mwenye hajui kuchekesha darasa lake, mwaka ujao hatajaza viti.

Tuanze na fetri, sababu ni pale agronomia inaingia.

Unyoya wa sufu ukiutazama kwa mikroskopi, umefunikwa na magamba madogo yanayolaliana kama mabati ya nyumba, yote yakielekea ncha. Ukiuvuta upande mmoja unateleza, upande mwingine unakwama. Maji ya moto na sabuni yanafanya unyoya uwe laini na magamba yafunguke; kusugua kunaufanya utembee, na kila unyoya unatembea upande wa mzizi wake tu, hauwezi kurudi nyuma. Elfu na elfu zinatembea hivyo, zinapitana, zinafungana, mpaka inakuwa kitambaa chenye huwezi kufungua tena. Njo maana pulovari ya sufu ikifuliwa kwa maji ya moto inatoka inamtosha mtoto wa dada yako.

Darasa lenyewe linaenda hivi. Kila mtu anapata konzi ya sufu iliyochanwa. Anavuta nyuzi nyembamba na kuzitandika juu ya mkeka mdogo, zote upande mmoja. Tabaka ya pili inakatisha ya kwanza. Mara nyingi tatu au ine zinatosha. Anafunika na chandarua, anamwagia maji ya moto yenye sabuni, anasugua polepole sana. Hapa njo wanafunzi wengi wanaharibu: wanataka nguvu tangu mwanzo, na tabaka zinahama. Mwalimu mzuri anazunguka akifanya jaribio moja tu: anafinya juu ya kitambaa na vidole viwili. Kama nyuzi zinanyanyuka peke yake, bado. Kama kitambaa kizima kinanyanyuka, sasa kikunje ndani ya mkeka, kiviringishe mara nyingi, geuza robo, viringisha tena, kisha kipige juu ya meza bila huruma. Kinapungua karibu teluti moja. Unakisuuza, unatia siki kidogo ili kuondoa ukali wa sabuni, unakiacha kikauke.

Kuko na fetri ya sindano pia: sindano yenye vijino, unachomachoma sufu kavu juu ya sponji mpaka inashikana na kuchukua sura, ndege, samaki, chochote. Inapendeza sana, lakini vijino vile vinaingia ndani ya kidole vizuri kabisa. Kwa watoto wadogo, maji na sabuni tu.

Watu wa Asia ya Kati walijua ile kazi zamani. Nyumba zao za kuhama zimefunikwa na fetri, na mazulia ya fetri ya Kirgizistani, ala-kiyiz na shyrdak, UNESCO iliyaweka mwaka 2012 kwenye orodha ya urithi unaohitaji kulindwa haraka. Hawakuchagua fetri kwa urembo. Walikuwa na kondoo wa sufu na baridi kali, miti michache. Fetri ni jibu la mahali.

Na mahali petu je? Kondoo wetu, wale wanapita barabarani nyuma ya mtoto mwenye fimbo, si kondoo wa sufu. Ni kondoo wa nywele. Nywele zao ni fupi, ngumu, na hazishikani vizuri. Unaweza kusugua mpaka kesho. Sufu ya merino iko na unene wa karibu elfu 20 za milimita moja ukigawa milimita mara milioni, yaani mikroni 20, wakati unywele wa mtu unafika karibu mikroni 70. Sufu kama hiyo inapatikana Lesotho, Afrika ya Kusini, na kidogo kwenye nyanda za juu za Kenya. Sisi tutainunua, tutalipa usafiri, tutalipa mpaka. Na hata kuinunua kunataka macho: kuko sufu iliyotiwa dawa ili isipungue kwenye mashine ya kufua, magamba yake yamelainishwa na kufunikwa. Ukiifundishia fetri, darasa lote litasugua saa tatu na kupata supu ya nyuzi.

Mtu atasema: tuko na sungura, na kofia nzuri za masapeur, zile za feutre, nyingi zinatoka kwa manyoya ya sungura. Kweli. Lakini manyoya yale hayashikani yenyewe; zamani viwanda viliyatayarisha kwa dawa ya zebaki, na wafanyakazi walitetemeka mikono na kuchanganyikiwa akili mpaka Marekani ikakataza mwaka 1941. Tafadhali, musijaribu ile nyuma ya nyumba.

Kwa hiyo, kwa maoni yangu, fetri kwetu ni ya siku moja ya kufurahia, kama mtu ameleta kilo mbili za sufu kutoka safari. Si ya kutangaza kama njia ya kuishi.

Mfarishi ni hadithi nyingine. Ingia atelye yoyote ya mshonaji hapa Bukavu saa za jioni, angalia chini: vitenge, vitenge, vitenge. Vipande vya upana wa mkono, rangi zote, vinafagiwa na kuchomwa. Ile takataka njo mali yenyewe. Huko Gee's Bend, kijiji cha Alabama ndani ya kona ya mto, bamama wazao wa watumwa walishona mifarishi kwa nguo za shamba zilizochakaa, magoti ya suruali na yote, ili watoto wasilale baridi. Mwaka 1966 walianzisha ushirika katika eneo lile, Freedom Quilting Bee. Mwaka 2002 makumbusho ya sanaa ya Houston ilitundika mifarishi ya Gee's Bend ukutani kama picha za wachoraji wakubwa. Ilitoka kwenye matambara.

Na tusifikiri kuunganisha vipande ni kitu kigeni. Wakuba wa Kasai, wanaume wanafuma rafia, wanawake wanatia nakshi na kushona viraka, na vipande vingi vinaunganishwa kuwa sketi ya mita kadhaa, kazi ya ukoo mzima, yenye inaonekana kwenye matanga. Wale wenye watasema «ile ni kazi ya bamama», waulize nani anashona suruali zao.

Shida ya kufundisha mfarishi ni kwamba haumaliziki siku moja. Kwa hiyo kwenye zile sikukuu mwalimu hafundishi blanketi. Anafundisha mraba mmoja, vizuri. Na kitu ya kwanza si uzuri wa rangi, ni kipimo. Tuseme unataka miraba ya sentimita 10 ikishamalizika, na mshono unakula milimita 6 kila upande: utakata sentimita 11,2. Miraba 12 kwa safu, safu 14, ni miraba 168, blanketi ya sentimita 120 kwa 140. Sasa mwenzako akishona milimita 7 pahali pa 6, kila mraba wake unapoteza milimita 2. Mwisho wa safu amepoteza sentimita 2,4, na safu yake haiwezi kukutana na yako. Milimita moja tu! Wenye walifanya topografia wananielewa. Dawa ni karatasi ngumu ya kukatia, moja kwa wote, na kupima mraba wa kwanza wa kila mtu mbele ya kumruhusu kuendelea.

Katikati tutatia nini? Huko wanauza pamba iliyotandikwa tayari. Hapa, blanketi kuukuu iliyofuliwa ni jibu rahisi, na ninaipenda kuliko yote. Pamba ya msufi ni nyepesi na yenye joto, lakini inateleza na kujikusanya pembeni, kwa hiyo mishono lazima ikaribiane, na inashika moto haraka sana. Nyumba yenye kulala na kandili, hapana.

Kazi ya mwisho, kupitisha uzi kwenye tabaka zote, peke yako ni adhabu. Wamarekani wa zamani waliifanya kama sisi na likelemba: leo wote tuko kwa mama huyu, tumezunguka fremu yake, kila mmoja na sindano, watoto chini, hadithi juu, mwezi ujao kwa mwingine. Hapo njo furaha iko, na hapo njo mtu mwenye mishono mibaya anajifunza bila kupigiwa kelele.

Juu ya kuuza, muhesabu saa zenu mbele ya kusema bei. Miraba 168 kwa mkono ni wiki nyingi za jioni, na mnunuzi wa soko atalinganisha na blanketi ya Uchina. Mto wa kiti wa miraba 16 unamalizika siku mbili. Ningeanza na huo, na gunia moja la vitenge kutoka kwa mshonaji wa jirani, yeye atafurahi umemsaidia kufagia.