Mzazi Ashuke Uwanjani: Michezo ya Chekechea Kwenye Miteremko ya Kilimanjaro

Siku za michezo za chekechea hapa Moshi mara nyingi hupangwa hivi: turubai upande mmoja, viti vya plastiki chini yake, wazazi wameketi, na watoto wanakimbia mbele yao wakipigiwa makofi. Wa kwanza anapewa daftari na penseli. Wa mwisho anaangua kilio, mama yake anatoka mbio kwenda kumbembeleza.

Mimi ni mwalimu wa darasa la awali upande wa Uru, juu ya mji, na ninaamini kwa dhati kwamba mtoto wa miaka minne anataka mzazi wake awe mwenzake mchezoni. Ukipanga michezo ambayo wawili hao hawawezi kuimaliza bila kusaidiana, watoto wanafurahi na wazazi wanakwenda nyumbani wanajua jambo jipya kuhusu watoto wao.

Wapo wanaoona michezo ni anasa ya kuongezea baada ya kusoma na kuhesabu. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 haisemi hivyo. Inapotaja wajibu wa mzazi, inaweka mchezo na mapumziko pamoja na chakula, malazi, mavazi, matibabu na elimu. Shirika la Afya Duniani nalo, katika miongozo yake ya mwaka 2019, linataka mtoto wa miaka mitatu na minne apate angalau dakika 180 za kuchangamsha mwili kila siku, na 60 kati ya hizo ziwe za kumtoa jasho hasa. Mtoto anayepandishwa gari la shule alfajiri na kurudishwa jioni mbele ya televisheni hafikii hapo. Siku moja ya michezo haiwezi kuziba pengo hilo, ila inaweza kumfundisha mzazi michezo ya kucheza na mwanawe nyumbani mwaka mzima.

Jua kwanza nani atakuja

Kwetu mlimani, neno "mzazi" lina watu wengi ndani yake. Kuna baba mwendesha bodaboda atakayeiacha pikipiki getini kwa nusu saa. Kuna mama anayeuza mitumba Kiboriloni na kuhesabu kila saa anayokosa sokoni. Kuna baba mpagazi ambaye siku hiyo huenda yuko juu na wageni. Na kuna bibi, tena wengi, wanaolea wajukuu huku wazazi wakitafuta maisha Dar es Salaam au Arusha hadi Desemba watakapopanda nyumbani kwa sikukuu. Mchezo unaohitaji kuruka au kukimbia kwa kasi unamfukuza bibi huyu kabla hajavua kandambili. Kwa hiyo mimi hupanga michezo kwa kumfikiria yeye kwanza, kisha baba mwenye nguvu.

Tarehe nayo ina uzito. Machi hadi Mei masika imetushika, uwanja ni tope. Juni na Julai ukungu na manyunyu hukaa siku nzima kwenye miteremko ya juu, na watoto wanatetemeka. Septemba ardhi ni kavu na muhula unaendelea. Ulizia pia siku ya gulio la eneo lako, maana ukigongana nalo umewapoteza akina mama.

Na uwanja wenyewe? Huku juu tambarare ni adimu. Mbio zote zikate mteremko, kamwe zisiushuke, kwa sababu mtoto mdogo akishika kasi ya kuteremka hawezi kujizuia. Mita 15 zinamtosha. Subirini umande ukauke, hadi saa tatu na nusu hivi, ndipo muanze.

Mpira ndani ya kanga

Huu ndio mchezo wa kufungulia siku. Mzazi anashika ncha mbili za kanga, mtoto anashika mbili za upande wa pili, na katikati mnaweka mpira wa soksi. Wanakwenda hadi kwenye kigingi, wanazunguka, wanarudi. Mzazi akisimama wima, mpira unabingirika hadi kifuani kwa mtoto na kuanguka. Hana budi kuinama, kupunguza hatua na kumtazama mwanawe. Hakuna anayehitaji kumweleza. Mpira wenyewe unamfundisha. Programu Jumuishi ya Taifa ya Malezi, Makuzi na Maendeleo ya Awali ya Mtoto, iliyozinduliwa Desemba 2021, inazungumzia "malezi yenye mwitikio", yaani mlezi kumsoma mtoto na kumjibu. Mzazi aliyecheza na kanga ameyaonja malezi hayo kwa mikono yake.

Niongoze

Mzazi anafungwa kitambaa machoni, mtoto anamshika mkono na kumpitisha kati ya matairi ya zamani yaliyolazwa chini. Msimfunge mtoto macho, wengi wa umri huu wanaogopa giza. Mtoto akiwa kiongozi utasikia maneno ambayo hukuyategemea kutoka kwa yule anayenyamaza darasani: "Baba, ngoja. Inua mguu. Bado!" Mtoto ambaye kila siku anaambiwa la kufanya, leo ndiye anayeamua njia, na mtu mkubwa anamwamini.

Ngata ya bibi

Hapa bibi ndiye bingwa. Akina mama wa mlimani wamebeba mikungu ya ndizi na majani ya ng'ombe kichwani miaka na miaka, na mikono yao inajua ngata. Bibi anakaa kwenye benchi. Mjukuu anachagua majani makavu ya mgomba kwenye rundo, anampelekea, bibi anasokota ngata na kumwekea kichwani. Juu yake kinakaa kikapu kidogo chenye ndizi mbivu mbili. Mtoto anatembea mita kumi na kurudi, akiruhusiwa kushika kikapu kwa mkono mmoja. Akifika, wanakula ndizi zao wote wawili. Bibi hakukimbia hata hatua moja, na mtoto ameona kwamba bibi yake anajua kitu ambacho mwalimu hakijui vizuri.

Maji ya mfongo

Huu ndio naupenda kuliko yote, kwa sababu umetoka kwenye ardhi yetu. Kabla ya ukoloni, wazee wa mlimani walichimba mifongo, mifereji inayotoa maji mtoni huko juu na kuyateremsha hadi kwenye vihamba, yaani mashamba ya nyumbani ya migomba. Hakuna pampu, ni mteremko tu na watu kushirikiana kuisafisha.

Mgomba uliokwisha kukatwa mkungu una magamba yaliyojikunja vizuri kama mifereji. Yabandueni, myakate urefu wa mkono, myaache usiku mzima yachuruzike utomvu. Jozi zinajipanga kushuka mteremko, na kila jozi ina gamba moja: mzazi anashika upande wa juu, mtoto upande wa chini. Maji yanamiminwa kwa kikombe kutoka ndoo ya juu, yanapita gamba hadi gamba hadi ndoo ya lita kumi huko chini. Kila mzazi anapaswa kuchuchumaa ili apokee maji kutoka mikononi mwa mtoto wa mwenzake. Vikundi viwili vikishindana, kelele zitafika barabarani. Maji yaliyopatikana yamwagilieni bustani ya shule. Onyo: utomvu wa mgomba hautoki kwenye nguo, hivyo waambieni wazazi mapema waje na nguo za shamba.

Usalama na haki

Mbio za magunia zinapendwa, na ziendelee, ila tumieni magunia ya katani, yale ya kahawa. Salfeti inateleza kwenye nyasi. Katika mbio za ndimu kwenye kijiko, kijiko kishikwe kwa mkono. Kijiko kisiwekwe mdomoni mwa mtoto anayetembea. Katika kuvuta kamba asiwepo anayejiviringisha kamba mkononi. Watoto wote wakivuta dhidi ya akina baba watatu, utakuwa umepata funga kazi nzuri.

Mtoto ambaye hana mtu siku hiyo asigundue hilo uwanjani. Wiki moja kabla muulize faraghani angependa acheze na nani: mpishi wa shule, jirani, mama wa rafiki yake. Kisha mwalimu amwombe mtu huyo. Mtoto asiyetembea vizuri apewe nafasi kwenye mfongo na kwenye kanga, ambako kasi haina maana.

Zawadi iwe moja kwa wote, chungwa au kikombe cha uji wa ulezi. Saa moja na nusu inatosha kwa michezo yote. Zaidi ya hapo watoto wanachoka na ugomvi unaanza.

Kwa mwalimu au mwenye shule ambaye hajawahi kujaribu, anza na kanga na mfongo tu, na viti vya plastiki viache stoo hadi wakati wa uji. Nawe mzazi, usisubiri barua. Nenda kwa mwalimu wa mwanao sasa, muulize tarehe, na umwambie wazi kwamba utakuja kucheza. Kama siku hiyo utakuwa kazini, mwambie bibi yake aje, na umhakikishie kwamba hatakimbizwa.