Safari ya Gunia la Korosho

Jioni moja darasa letu lilikuwa likifanya hesabu za mizani. Mzee mmoja aliweka kalamu chini akauliza: "Mwalimu, mimi ni mkulima wa korosho. Melini sijapanda hata siku moja. Meli za watu zinanihusu nini?"

Kabla sijajibu, mama mmoja akasema: "Zinakuhusu, Mzee. Ile salfa uliyolalamikia bei yake ilikuja na nini?"

Darasa zima lilicheka. Lakini swali lilikuwa zuri. Somo hili ni jibu lake.

1. Biashara ya bahari si ngeni kwetu

Wazee wetu wa pwani walifanya biashara ya bahari miaka mingi kabla ya meli za injini. Upepo wa kaskazi ulipovuma, tangu Desemba hadi Machi hivi, majahazi yalikuja kutoka Arabuni na Bara Hindi. Yalileta tende, nguo na vyombo. Upepo wa kusi ulipoanza, yalirudi kwao na boriti za mikoko na mali nyingine za nchi yetu.

Siku hizi meli hazingoji upepo. Lakini kazi ni ile ile. Meli huchukua kitu mahali kilipo kingi, ikakipeleka mahali kinapohitajiwa.

2. Kwa nini mzigo mwingi hupita baharini?

Kati ya kila tani 10 za bidhaa zinazouzwa baina ya nchi na nchi, tani 8 hivi husafirishwa kwa meli. Sababu kubwa ni gharama.

Tufanye hesabu. Lori moja kubwa hubeba tani 30. Meli moja ya mbolea inaweza kubeba tani 30,000. Je, yangehitajika malori mangapi? Jibu ni malori 1,000. Malori hayo yangehitaji madereva 1,000. Meli hiyo huendeshwa na watu 20 hivi tu. Ndiyo maana nauli ya gunia moja melini ni ndogo, ingawa safari ni ndefu.

Meli ni za aina nyingi. Ziko za mafuta. Ziko za kubeba nafaka au mbolea iliyomwagwa ndani bila magunia. Ziko za magari. Na ziko za makontena.

3. Kontena ni nini?

Kontena ni sanduku kubwa la chuma. Umeyaona barabarani juu ya malori. Kontena dogo lina urefu wa mita 6 hivi. Kubwa lina urefu wa mita 12 hivi.

Zamani makuli walipakia gunia moja moja kwa mabega. Meli ilikaa bandarini siku nyingi. Mizigo mingine ilivunjika, mingine iliibwa. Mwaka 1956 mwenye malori mmoja wa Marekani, Malcom McLean, alipakia masanduku 58 katika meli iitwayo Ideal X. Meli hiyo ilitoka Newark ikaenda Houston. Mzigo haukutolewa ndani ya masanduku. Sanduku lenyewe lilinyanyuliwa kutoka lori hadi melini, na kutoka melini hadi lori jingine.

Jambo hilo lilibadili biashara ya dunia. Leo meli kubwa kabisa za makontena zina urefu wa mita 400 hivi. Huo ni urefu wa viwanja vinne vya mpira vikipangwa kwa mstari.

4. Gunia letu linaposafiri

Korosho yako hutoka shambani ikaenda chama cha msingi. Kutoka hapo huenda ghala kuu, kisha huuzwa mnadani. Mnunuzi huipeleka bandarini, kwa mfano Mtwara. Hapo magunia hupangwa ndani ya kontena, mlango hufungwa na kutiwa lakiri. Korosho ghafi nyingi huenda India na Vietnam, kwenye viwanda vya kubangua.

Safari inaweza kuchukua wiki kadhaa. Mchana jua huchoma chuma. Usiku chuma hupoa. Ikiwa korosho ina unyevu, unyevu huo hupanda juu kama mvuke wa chungu. Ukigusa paa la chuma lililopoa, hugeuka maji. Maji hudondoka juu ya magunia. Korosho hushika ukungu na kuoza.

Gunia moja bichi laweza kuharibu magunia ya jirani. Mnunuzi akifungua kontena bovu, mwakani atakumbuka mzigo ulitoka wapi. Atatoa bei ndogo. Aliyekausha vizuri atapata hasara pamoja na aliyefanya haraka.

5. Njia ikifungwa

Huko Misri uko Mfereji wa Suez, uliofunguliwa mwaka 1869. Mfereji huu unaunganisha Bahari ya Shamu na Bahari ya Mediterania. Meli nyingi zitokazo Ulaya kuja kwetu hupita hapo. Bila mfereji, meli huzunguka kusini mwa Afrika.

Machi 2021 meli iitwayo Ever Given ilikwama mferejini siku sita. Mamia ya meli zilingoja. Kuanzia mwisho wa mwaka 2023, meli zilishambuliwa katika Bahari ya Shamu. Kampuni nyingi zikaamua kuzunguka Afrika. Safari ziliongezeka siku nyingi, mafuta na bima vikapanda.

Nani hulipa? Mwenye meli humtoza mfanyabiashara. Mfanyabiashara huongeza bei dukani. Anayelipa mwisho ni wewe unayenunua. Na unapouza, mnunuzi mwenye nauli kubwa hupunguza bei anayotoa. Mkulima huguswa mara mbili.

6. Tufanye nini?

Hatuwezi kuamuru bahari. Lakini yako mambo yaliyo mikononi mwetu:

Okota korosho kila siku. Usiiache chini ikanyeshewa.
Anika juani siku mbili au tatu kabla ya kupeleka ghalani.
Tumia magunia ya katani au juti. Mfuko wa plastiki hufungia unyevu ndani.
Usichanganye korosho mpya na ya mwaka jana.
Soma risiti yako: kilo, daraja na tarehe. Sasa unajua kusoma, usikubali kusomewa.
Kwenye mkutano wa chama, uliza bei ya mnada na makato yote.

Tulipomaliza somo, yule mzee alisema: "Kumbe gunia langu linafika mbali kuliko mimi." Ni kweli. Basi na liende likiwa kavu, maana huko ndiko linakotusemea.

Maneno ya kukumbuka

Shehena: mzigo wa meli.
Lakiri: alama ya kufungia mlango ili usifunguliwe kwa siri.
Nauli: malipo ya kusafirisha mtu au mzigo.

Maswali ya kujadiliana

1. Kwa nini nauli ya meli ni ndogo kuliko ya lori?
2. Maji hupatikanaje ndani ya kontena lililofungwa?
3. Taja vitu vitatu nyumbani kwako vilivyoletwa na meli.
4. Katika kijiji chetu, nani akague ukavu wa korosho kabla haijafika ghalani?