Mtoto wa Paka na Beseni la Mchanga

Katika miji ya pwani, toka Lamu hadi Unguja na Dar es Salaam, paka ni mkazi wa kale asiyeulizwa alikotoka. Huwinda panya, hula mabaki ya samaki, na haja zake huzimaliza nje, mchangani, bila ya kufundishwa na mtu. Lakini maisha ya nyumba za ghorofa yamebadilisha mambo. Sakafu ni ya saruji au ya vigae, ua haupo, na mlango hufungwa kutwa. Paka aishiye humo haupati mchanga mpaka aletewe. Na pale mwenye nyumba aliye na paka wawili au watatu anapoongeza mtoto wa paka, malalamiko huwa yale yale: mgeni anakojoa chini ya kitanda, ananya nyuma ya kabati, na kumpiga hakusaidii. Wengi wa watoto hao mwisho wao ni kutiwa katika gunia na kutupwa sokoni. Hukumu hiyo hutolewa kwa kosa ambalo, kwa kawaida, si la mnyama.

Tabia iliyotoka nchi kavu

Paka wote wa nyumbani ni wazao wa paka-mwitu wa Afrika, ambaye jina lake la kisayansi ni Felis lybica. Mnyama huyu yupo hata leo katika mbuga za Afrika Mashariki. Jamaa zake wa Mashariki ya Kati ndio walioanza kukaa karibu na ghala za wakulima wa kwanza, yapata miaka 10,000 iliyopita. Mwaka 2004 wachimbuzi wa mambo ya kale walitangaza habari za kaburi katika kisiwa cha Kupro, lenye umri wa miaka 9,500 hivi, ambamo paka alizikwa kando ya binadamu. Uchunguzi wa chembe za urithi uliochapishwa mwaka 2007 ulithibitisha asili hiyo.

Mambo mawili ya urithi huo yanahusika hapa. La kwanza ni mkojo. Mnyama wa nchi kavu hana budi kuyabana maji mwilini, na figo za paka huweza kuukoleza mkojo mara mbili na zaidi kuliko figo za binadamu. Ndiyo sababu kiasi kidogo tu, kikinywewa na godoro, hunuka siku nyingi. Mkojo wa dume aliyekomaa huwa mkali zaidi, kwani una kemikali nyingi iitwayo felinini. Wanasayansi wa Japani walionyesha mwaka 2006 jinsi protini ya figo, waliyoipa jina la kauksini, inavyosaidia kuitengeneza. Felinini ikivunjika hutoa harufu yenye salfa, ambayo kwa paka wengine ni tangazo la nani amepita mahali hapo.

La pili ni kufukia. Paka hukwangua udongo mwepesi, hujisaidia, kisha hufukia. Hata hivyo hafukii kila mahali. Watafiti waliowafuatilia paka wa mashambani waliona kwamba kinyesi hufukiwa zaidi karibu na makazi, na mara nyingi huachwa wazi mbali nayo.

Mtoto wa paka huzaliwa akiwa hawezi hata kukojoa peke yake. Kwa majuma matatu hivi ya kwanza, mama humlamba tumbo na chini ya mkia, na kulamba huko ndiko kunakofanya mkojo na kinyesi vitoke. Mama huvila, na malalo hubaki safi. Toka juma la nne hivi, mtoto huanza kukwangua mchanga, majivu, au kitu chochote kilicho laini chini ya nyayo zake. Watoto waliolelewa na binadamu pasipo mama hufanya vivyo hivyo. Kwa hiyo kinachofundishwa si kufukia, bali ni mahali. Tena mtoto huzoea aina ya udongo alioukanyaga katika majuma hayo ya mwanzo. Aliyekulia kwenye majivu ya jikoni huweza kuyakataa maranda ya seremala kwa muda.

Jike aliyelala ukumbini

Chukua mfano wa nyumba ya vyumba viwili, ghorofa ya tatu, yenye majike wawili na dume mmoja, na beseni moja la mchanga mwisho wa ukumbi. Paka hao wameishi pamoja miaka kadhaa na kila mmoja anajua zamu yake. Analetwa mtoto wa majuma manane. Siku ya kwanza anaonyeshwa beseni, naye analitumia vizuri. Siku ya tatu jike mkubwa analala ukumbini, penye upepo, katika njia ile ile iendayo kwenye beseni. Hangurumi wala hapigi. Anakodoa macho tu. Mtoto anarudi chumbani, na baada ya robo saa pana unyevu chini ya kitanda.

Mwenye nyumba anauona unyevu, lakini hamwoni yule jike. Anamkamata mtoto, anamsugua pua katika mkojo, anampiga kofi na kumtupa ndani ya beseni. Kwa tendo hilo moja mtoto amejifunza mambo mawili: kwamba beseni ni mahali pa maumivu, na kwamba haja ikimjia ajifiche asionekane. Kesho yake atakwenda nyuma ya kabati.

Madaktari wa mifugo hupendekeza beseni moja kwa kila paka, na moja la ziada. Kwa nyumba ya mfano huu ni mabeseni 5, hesabu inayomshtua mtu mwenye vyumba viwili, naye ana haki ya kushtuka. Lakini jambo kubwa zaidi kuliko idadi ni mtawanyo. Mabeseni 5 yakipangwa safu moja ukutani, kwa macho ya paka ni mahali pamoja penye njia moja, na yule jike huyazuia yote akiwa usingizini. Mabeseni 3 yaliyowekwa katika vyumba mbalimbali yatafaa zaidi.

Mgeni naye asiachiwe nyumba nzima siku ya kwanza. Kwa juma moja au mawili akae katika chumba kimoja, pamoja na malalo, maji, chakula na beseni lake. Chakula kiwe upande mmoja na beseni upande wa pili, kwani paka huepuka kujisaidia mahali anapolishwa. Kila amalizapo kula, na kila aamkapo, apelekwe taratibu kwenye mchanga na kuachwa atende mwenyewe. Kitambaa alichokilalia kipelekwe kwa wakubwa, na chao kiletwe kwake, ili wajuane kwa pua kabla ya kukutana kwa macho.

Beseni la mtoto liwe na ukingo mfupi. Sinia kuukuu lafaa, au beseni la plastiki lililokatwa upande mmoja. Mchanga mkavu wa mtoni uliochekechwa ni mzuri. Majivu yaliyopoa yamesaidia vizazi vingi, ila yakilowa hutoa magadi yawashayo nyayo, na hayana budi kubadilishwa upesi. Huko Marekani nako watu walitumia majivu na mchanga, mpaka mwaka 1947 Edward Lowe wa jimbo la Michigan alipompa jirani yake chembe za udongo mkavu zilizokuwa zikitumika viwandani kunyonya mafuta yaliyomwagika. Jirani alirudi kutaka nyingine, na biashara kubwa ikaanzia hapo. Ule udongo wa dukani unaogandamana ukilowa asipewe mtoto wa chini ya miezi miwili, kwa kuwa watoto huulamba na kuumeza.

Mahali palipokwisha kuchafuliwa paoshwe kwa maji na sabuni ya unga yenye vimeng'enya, maana harufu iliyobaki humwita paka arudi. Dawa yenye amonia haifai: amonia hutokea katika mkojo unaooza, na paka hudhani mwenzake amepita. Dawa ya klorini isimwagwe juu ya mkojo, kwani ikikutana na amonia hutoa hewa inayochoma macho na mapafu. Katika nyumba za Waislamu suala hili lina uzito wa pekee, kwa kuwa paka mwenyewe hahesabiwi kuwa najisi, ila mkojo wake ni najisi, na mkeka wa kusalia hauna budi kutoharishwa.

Yako pia makosa yatokanayo na ugonjwa. Mtoto mwenye minyoo au tumbo la kuhara hawezi kulifikia beseni kwa wakati. Dume anayechuchumaa mara kwa mara bila mkojo kutoka huenda amezibwa njia, naye huweza kufa katika siku chache. Afikishwe kwa daktari wa mifugo siku hiyo hiyo.

Mama mjamzito na mchanga wa jana

Usafi wa beseni si suala la harufu peke yake. Mwaka 1908, huko Tunisi, Charles Nicolle na Louis Manceaux walikuta kimelea kisichojulikana katika mnyama mdogo aina ya panya aitwaye gundi. Leo kimelea hicho huitwa Toxoplasma gondii. Ilipita zaidi ya miaka 60 kabla ya njia yake kujulikana kikamilifu: katika miaka ya 1969 na 1970 ilithibitishwa kwamba hukamilisha uzazi wake ndani ya utumbo wa paka, na kwamba mayai yake hutoka pamoja na kinyesi.

Paka huyatoa mayai hayo kwa majuma kati ya 1 na 3, zaidi anapoambukizwa kwa mara ya kwanza, na idadi yake huweza kufika mamilioni. Maambukizo hayo ya kwanza huja mara nyingi paka angali mchanga, anapoanza kukamata panya au kupewa nyama mbichi. Yaani mgeni wa nyumba ndiye wa kuangaliwa zaidi. Mwanamke aambukizwaye kwa mara ya kwanza wakati wa ujauzito huweza kumwambukiza mtoto aliye tumboni, na matokeo yake ni mimba kuharibika, au mtoto kudhurika macho na ubongo.

Lakini kinyesi kibichi hakiambukizi papo hapo. Mayai huhitaji siku 1 hadi 5, kufuatana na joto na unyevu, kabla ya kuwa na uwezo huo. Katika joto la pwani ni busara kuihesabu siku moja tu. Hivyo beseni lisafishwe kila siku, na mtu mwingine asiye mjamzito. Ikiwa hakuna mwingine, avae glavu na kunawa kwa sabuni. Klorini haiyaui mayai hayo. Maji ya moto yachemkayo huyaua. Uchafu ufungwe na kutupwa katika choo cha shimo au pipa la taka, wala usimwagwe kwenye tuta la mchicha, kwani mayai huishi miezi mingi katika udongo wenye unyevu. Mtoto wa paka alishwe samaki na nyama zilizopikwa. Isisahauliwe kwamba watu wengi huambukizwa kwa nyama isiyoiva na mboga zisizooshwa, na nyumba isiyo na paka nayo haijasalimika.

Katika nyumba ile ya mfano, jike mkubwa huenda ataendelea kulala ukumbini maisha yake yote, kwa kuwa hapo ndipo penye upepo. Mtoto akifikisha miezi minne au mitano, na miguu yake ikawa mirefu, ataanza kumruka. Beseni la chumbani lisiondolewe hata hivyo. Likibidi kuhamishwa, lisogezwe hatua moja moja kila siku, na kama mgeni ni dume, ahasiwe anapokaribia miezi sita, kabla hajaanza kurusha mkojo ukutani.