Udongo Uliozikwa Mabondeni: Kumbukumbu ya Tabianchi ya Kale Usambara

Udongo unaolimwa leo katika mabonde ya Wilaya ya Lushoto, mkoani Tanga, haukuumbika wote mahali ulipo. Sehemu yake ilishuka kutoka miteremkoni pamoja na maji ya mvua, ikatua juu ya udongo wa zamani na kuufunika. Matabaka hayo ni kumbukumbu ya mabadiliko ya tabianchi na ya matumizi ya ardhi katika Milima ya Usambara, mradi umri wake ujulikane.

Nchini China, wanasayansi husoma historia ya namna hiyo katika loesi, yaani vumbi laini lililorundikwa na upepo kwa zaidi ya miaka milioni mbili. Vumbi lilitua kwa wingi nyakati za baridi na ukavu. Mvua ilipoongezeka, udongo ulijitengeneza juu yake. Usambara haina marundo ya vumbi kama hayo. Badala yake, historia husomwa katika udongo ulioshuka miteremkoni na katika tope la vinamasi.

Njia mbili hutumika zaidi kupima umri. Ya kwanza ni ya kaboni-14, iliyomo katika mabaki ya mimea na mkaa. Mmea ukifa huacha kupokea kaboni mpya, na ile iliyomo hupungua kwa nusu kila baada ya miaka 5,730 hivi. Njia hii hufikia takribani miaka 50,000 iliyopita. Ya pili hupima chembe za mchanga. Chembe iliyofukiwa hulimbikiza nishati kutokana na mionzi ya asili ya ardhini, na mwanga wa jua huifuta nishati hiyo. Kwa hiyo sampuli huchukuliwa bila kuangaziwa, kisha maabara hubaini ni lini chembe hizo ziliona jua kwa mara ya mwisho.

Njia hiyo ya pili ilitumika katika Milima ya Irangi, Kondoa. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2000 yalionesha vipindi viwili vya mmomonyoko: kimoja kati ya miaka 14,500 na 11,400 iliyopita, tabianchi ilipogeuka kutoka ukavu kuwa mvua, kingine katika miaka 900 hivi iliyopita, kikihusishwa na shughuli za binadamu.

Katika Milima ya Tao la Mashariki, ambayo Usambara ni sehemu yake, utafiti uliochapishwa mwaka 2008 ulichunguza tope la kinamasi lenye kina cha sentimita 266, linalobeba historia ya takribani miaka 38,000. Chavua zilizohifadhiwa humo zilionesha kuwa msitu ulidumu hata wakati wa ukavu wa enzi ya barafu, pengine kwa sababu ya unyevu wa Bahari ya Hindi. Katika tabaka za karibuni zaidi zilionekana dalili za moto, kupungua kwa msitu na kupanuka kwa mashamba.

Funzo kwa Lushoto ni kwamba msitu uliostahimili ukavu wa maelfu ya miaka unaweza kushindwa na shoka na moto. Udongo uliojengeka kwa karne nyingi nao unaweza kusombwa na mvua za msimu mmoja. Wakulima wa miteremkoni wanahimizwa kutengeneza na kukarabati matuta ya kuzuia mmomonyoko, kupanda majani na miti kwenye kingo zake, na kuepuka kulima katika vyanzo vya maji.