Fyuzi ikikatika, usiweke msumari

Familia nyingi kambini zinavuta umeme kwa jirani mwenye jenereta. Taa ikishawaka na simu ikachajiwa, hakuna anayeuliza tena waya ule una unene gani.

Waya mwembamba wa milimita za mraba 0.75 umetengenezwa kubeba ampea 6 tu. Kwa umeme wa volti 240, pasi ya wati 1,200 peke yake inavuta ampea 5. Jirani akichomeka jagi la wati 2,000 kwenye waya huo huo, zinaongezeka ampea 8 na kitu. Waya hausemi kitu! Unapata joto, plastiki inalainika, na kama umelala juu ya turubai, mnajua wenyewe.

Fyuzi kazi yake ni kufa kabla ya waya. Watu wanakasirika ikikatika, wanaweka msumari au karatasi ya sigara. Hiyo si fyuzi tena. Hata fyuzi ya ampea 13, ile ya kwenye plagi, haitoshi hapa: shoti kubwa inaweza kuikata, lakini mzigo ule wa pasi na jagi itaupitisha bila shida, huku waya unaiva.

Breka ni nzuri zaidi, unairudisha kwa kidole. Ikikata tena papo hapo, usiilazimishe. Chomoa vyote kwanza. Na fundi akija, muulize: waya huu unabeba ampea ngapi, na breka ni ya ngapi? Ya breka isizidi ya waya.