"What do you do?" au "What are you doing?" Kiswahili cha Goma tayari kinajua jibu

Tuweke mfano. Kijana wa Ndosho amepeleka CV yake katika ONG moja hapa mjini. Wamemwita. Anaingia ndani ya biro, anakaa, na yule mwenye kumuuliza anaanza polepole kwa Kiingereza: "What do you do?" Kijana anapita haraka kwa Kifaransa kichwani mwake: "Que faites-vous?" Kisha anajibu kwa furaha: "I am sitting here with you." Ni kusema, niko nimekaa hapa pamoja na ninyi.

Sentensi yake haina kosa hata moja. Ila hakujibu swali. Walikuwa wanamuuliza anafanyaka kazi gani.

Wakaaji wengi wa Goma wanaanza kujifunza Kiingereza wakiwa watu wazima. Tunajua sababu. Upande wa pili wa barrière, Rwanda iliamua mwaka 2008 kufundisha kwa Kiingereza mashuleni. Uganda nayo inatumia Kiingereza tangu zamani. Na tangu mwaka 2022 Congo yetu ni mwanachama wa Jumuiya ya Afrika Mashariki, ambayo mkataba wake, katika kifungu cha 137, unataja Kiingereza kama lugha rasmi. Mfanyabiashara wa Birere, fundi na mwanafunzi wa chuo kikuu, kila mmoja anakikuta njiani.

Wengi wanaanzia kwa vitabu vyenye majedwali marefu, wanachoka kabla ya mwezi kuisha. Leo tunapendekeza njia nyingine ya kuingia katika sarufi, ile tulizoea kuita gramere. Tuanzie kwa Kiswahili chetu chenyewe, kile cha nyumbani na cha soko.

"Niko nafanya" na "nafanyaka"

Ukienda Dar es Salaam na kusema "nakulaka" ao "niko nakula", watu wanaweza kukucheka. Watakuambia sema tu "ninakula". Lakini angalia vizuri. "Ninakula" inaweza kuwa sasa hivi, sahani iko mbele yangu. Inaweza pia kuwa desturi, kwamba mimi ni mtu wa kula samaki. Kifaransa nacho ni vile vile: "je mange" inabeba maana zote mbili.

Sisi huku tunazitenganisha. "Niko nakula" ni sasa hivi. "Nakulaka", ao "nakulaga" kama wengine wanavyosema, ni desturi. Na Kiingereza kinazitenganisha pia, kwa lazima.

Kwa jambo la sasa hivi, Kiingereza kinatumia "am", "is" ao "are", halafu kitenzi chenye "-ing" mwishoni. Kitenzi ni lile neno la tendo.

"Niko natumika" ni "I am working."
"Mama iko anauzisha makala" ni "My mother is selling charcoal."
"Mlima uko unatosha moshi" ni "The mountain is smoking."

Kwa desturi, kitenzi kinabaki kitupu:

"Natumikaka" ni "I work."
"Mama anauzishaka makala" ni "My mother sells charcoal."
"Mlima unatoshaka moshi" ni "The mountain smokes."

Tofauti ni kubwa kwa mtu wa Goma. Ukimwambia mgeni "Nyiragongo smokes", umemwambia hali ya kawaida ya mlima wetu. Ukimwambia "Nyiragongo is smoking", atageuka kuangalia juu.

Sasa rudi kwa kijana wetu. "What do you do?" ni "unafanyaka nini?" Jibu lake lilipaswa kuwa "I teach", nafundishaka, ao "I repair phones", natengenezaka telefone. "What are you doing?" ni "uko unafanya nini?" Hapo ndipo angesema amekaa.

Kwenye mpaka ni vile vile. "Where do you live?" ni "unakaaka wapi?", na jibu ni nyumbani kwako, Goma. "Where are you staying?" ni "uko unafikia wapi?", na jibu ni pale utalala safari hii, labda kwa ndugu yako Gisenyi. Ukibadilisha majibu hayo mawili, karatasi zako zinasema jambo moja na mdomo wako unasema lingine.

Kwa hiyo mbele ya kufungua mdomo, jiulize kwa Kiswahili cha nyumbani: ni "niko na-" ao ni "-ka"? Ukipata jibu hilo, umemaliza nusu ya kazi. Kuna vitenzi vichache tu vinavyokataa "-ing": kujua, kutaka, kupenda, kuelewa. Sema "I understand", hata kama wewe unaelewa sasa hivi.

Ile "-s" ndogo

Labda umeona: "I work", lakini "My mother sells". Kiingereza hakibadilishe kitenzi kwa kila mtu kama sisi tunavyofanya kwa na-, una-, ana-, tuna-, muna-, bana-. Kinabadilisha mara moja tu, kwa mtu mmoja anayesemwa, yule wa "ana-". I work, you work, we work, they work. Lakini he works, she works.

Na kwa sababu kitenzi chenyewe hakionyeshi ni nani anatenda, mwenye kutenda lazima atajwe. Sisi tunasema "natumika" na mtu anasikia kwamba ni mimi. Ukisema "work" peke yake, mtu atafikiri unamtuma kazi. Hata mvua inahitaji mwenye kutenda: "It is raining", kama Kifaransa kinavyosema "il pleut".

Kuna pia "he" na "she". Kwetu "yeye" ni mwanaume ao mwanamke. Kwa Kiingereza "he" ni mwanaume, "she" ni mwanamke. Hapa Kifaransa kinasaidia kwa "il" na "elle", lakini kinadanganya kwa "yake". Kifaransa kinasema "sa mère" hata kama mwenye mama ni mwanaume, juu kinaangalia mama. Kiingereza kinaangalia mwenye mama: kijana na mama yake ni "his mother", msichana na mama yake ni "her mother".

Jambo lililopita

Hapa tupumue kidogo, kwa maana Kiingereza kinakuwa chepesi. Kwa vitenzi vingi unaongeza "-ed", na ni moja kwa watu wote, bila ile "-s". "Nilitumika" ni "I worked". "Alitumika" ni "she worked". "Nyiragongo erupted on 22 May 2021" ni "Nyiragongo ulipasuka tarehe 22 mwezi wa tano 2021."

Shida ni kwamba vitenzi vya kila siku vina njia yao, na hivyo unavishika kwa kichwa tu. Anza na hivi sita: go inakuwa went, come inakuwa came, see inakuwa saw, buy inakuwa bought, sell inakuwa sold, have inakuwa had. "Tulienda Sake" ni "We went to Sake."

Katika CV na katika mazungumzo ya kazi, hapa ndipo watu wanajiumiza wenyewe. Ukisema "I worked in a hospital", yule mwenye kukuuliza anasikia kwamba uliacha. Kama ungali unatumika pale, umejiondoa kazini kwa herufi mbili. Kama ulianza zamani na unaendelea mpaka leo, Kiingereza kinataka "have": "I have worked in a hospital for 3 years", nimetumika hospitali miaka 3 mpaka sasa.

Hapa Kifaransa kinatega mtego. Kinasema "je travaille depuis trois ans", na watu wanatafsiri "I work since three years". Kumbuka maneno mawili. "Since" ni kwa mwanzo: since 2021, tangu mwaka 2021. "For" ni kwa muda uliohesabiwa: for 3 years, kwa miaka 3.

Kuuliza na kukataa

Sisi tunapandisha sauti tu: "Unakaa Himbi?" Imekuwa swali. Kiingereza kinaweka neno dogo mbele, "do", karibu kama "je" yetu: "Do you live in Himbi?" Kwa kukataa kinaongeza "not": "I do not live in Himbi."

Lakini hiyo "do" haikai bure. Yenyewe ndiyo inabeba mzigo wa sentensi. Kwa "he" na "she" inachukua ile "-s" na kuwa "does". Kwa jambo lililopita inakuwa "did". Na mzigo ukishapakiwa kwenye chukudu, hakuna haja ya kuubeba tena kichwani. Kitenzi kinabaki kitupu.

"Does she sell charcoal?" Si "Does she sells".
"Did you go to Sake?" Si "Did you went".
"He did not come." Si "He did not came".

Ukikumbuka kwamba mzigo unabebwa mara moja tu, makosa mengi ya wanaoanza yatakwisha yenyewe.

Kuna sentensi ambazo hazitaki "do" kabisa, ni zile za "am", "is", "are". Hizo unazigeuza tu: "You are ready" inakuwa "Are you ready?"

Pale Kiswahili chetu nacho kinadanganya

Tusikisifu kupita kiasi. Sisi tunasema "niko na miaka 20", Kifaransa kinasema "j'ai 20 ans", na lugha zote mbili zinamsukuma mtu aseme "I have 20 years". Kiingereza hakina miaka mfukoni. Kinasema "I am 20 years old."

Ndivyo ilivyo kwa njaa, kiu, baridi na woga. "Niko na njaa" ni "I am hungry". "Niko na kiu" ni "I am thirsty". "Niko na baridi" ni "I am cold". "Niko na woga" ni "I am afraid". Neno "have" liweke kwa vitu na watu ulio nao: "I have a phone", "I have two children".

Kwa hiyo "niko" yetu ina njia mbili. Ikifuatwa na tendo, "niko natumika", ni "I am" na "-ing". Ikifuatwa na "na" pamoja na hali ya mwili ao miaka, ni "I am" vilevile. Ni pale tu inapofuatwa na kitu ao mtu ndipo inakuwa "I have".

Jaribu mwenyewe

Chukua kalamu, ao semeni kwa sauti mukiwa wawili, mmoja anauliza na mwingine anajibu. Geuza hizi sita kwa Kiingereza bila kuangalia chini:

1. Mama yangu anauzishaka samaki ku Kituku.
2. Niko naandika barua.
3. Tulienda Sake mwaka 2021.
4. Unakaa Goma?
5. Dada hakukuja.
6. Niko na miaka 18.

Majibu ni haya:

1. My mother sells fish at Kituku.
2. I am writing a letter.
3. We went to Sake in 2021.
4. Do you live in Goma?
5. My sister did not come.
6. I am 18 years old.

Kama umekosa namba 1 ao 2, rudi kwa "-ka" na "niko". Kama umekosa namba 5, umebeba mzigo mara mbili. Kama umekosa namba 6, pole, ni kosa la karibu sisi wote.

Haya hayatakufanya useme Kiingereza chote. Maneno yanatafutwa kila siku, na masikio yanazoea kwa kusikiliza. Lakini siku utakayokaa mbele ya mtu na akuulize "What do you do?", usikimbilie Kifaransa. Jiulize kwanza kwa lugha ya mama yako: ananiuliza nafanyaka nini, ao niko nafanya nini? Kisha mujibu.