Huyu mtoto si mkaidi, hasikii

Mwaka uliopita tulikuwa na mtoto mmoja katika mwaka wa tatu wa masomo ya msingi ambaye tulimwita mkaidi. Tulimkalisha nyuma kwa sababu alikuwa mrefu. Tukisema "fungueni daftari", alimtazama kwanza jirani yake, ndipo afungue la kwake. Katika imla aliandika maneno ambayo hatukuyasema. Tulimpa adhabu, tena si mara moja, na mama yake alipoitwa alisema hata nyumbani ni vile vile: anatumwa chumvi, analeta sabuni. Nyumbani pia alikuwa anapigwa kwa sababu hiyo.

Siku moja mvua ikapiga mabati ya shule mpaka sauti yetu haikufika hata benchi la pili. Darasa zima lilipotea. Yeye peke yake aliendelea kuandika tulichokuwa tunasema. Alikuwa anasoma midomo yetu, kama alivyozoea kufanya kila siku, na sisi hatukujua.

Tulipomkaribia tuliona usaha umekauka kwenye sikio la kushoto. Mama yake alisema linatoka maji tangu mtoto anatambaa, na watu walimwambia ni kawaida, litaacha lenyewe akikua.

Haya ndiyo yaliyotufanya tutafute kusoma juu ya masikio, na juma hili tunataka kuwapa tuliyoyapata. Shirika la Afya Ulimwenguni lilitoa mwaka 2021 ripoti kubwa juu ya kusikia. Linasema watu zaidi ya milioni 430 duniani wana upungufu wa kusikia unaohitaji msaada, na karibu 80 kati ya 100 wao wanaishi katika nchi zenye mapato madogo au ya kati, kama yetu. Kwa watoto, sababu 60 kati ya 100 zingeweza kuzuiwa. Usaha wa sikio ni mojawapo. Zingine ni homa ya utando wa ubongo, surua, rubela inayompata mama akiwa na mimba, manjano kali ya mtoto mchanga, na dawa fulani ambazo tutazisema hapa chini.

Ndani kabisa ya sikio, kwenye mfupa, kuna kitu kilichojikunja kama gamba la konokono, kimejaa maji. Mle mna seli zenye vinywele vidogo, kama 15 000 kwa kila sikio. Sauti ikitikisa yale maji, vinywele vinainama na kupeleka habari kwenye ubongo. Elfu kumi na tano ni kidogo sana, wamama. Mfuko wa mchele una punje nyingi kuliko hizo. Tunazaliwa nazo, na ikifa moja haioti nyingine. Kuku wetu wa lupango wana bahati kutushinda: mwaka 1988 watafiti wa Marekani walionyesha kwamba ndege, seli zake za kusikia zikiuawa na kelele, huota tena na ndege husikia tena. Tangu hapo wataalamu wanatafuta njia ya kufanya sikio la mtu lijifunze kazi hiyo ya kuku. Hawajafika. Mwaka 2024 yalitangazwa matokeo ya watoto wachache wa China waliozaliwa viziwi kwa sababu ya kasoro ya jeni moja, na ambao walianza kusikia baada ya kutiwa jeni nzima ndani ya sikio. Ni habari ya kufurahisha, lakini ni kwa aina moja tu ya uziwi, na iko mbali na Kolwezi.

Hapa Musonoi tunaishi na kelele. Baruti za mgodi tunazijua, na nyufa za kuta zetu zinazijua pia. Wanaume wetu wengi wametumika kwenye mashini za kutoboa, kwenye kusaga mawe, kwenye malori makubwa, na baba zao kabla yao tangu siku za Union Minière. Daktari mmoja wa Italia, Bernardino Ramazzini, zaidi ya miaka 300 iliyopita, aliwaangalia wafua shaba wa Venezia na kuandika kwamba kugonga shaba kutwa nzima kunaharibu masikio yao, na wakizeeka wanakuwa viziwi kabisa. Tuliposoma hilo tulicheka kidogo, si kwa furaha. Shaba ni ile ile.

Kipimo kinachotumika kazini katika nchi nyingi ni desibeli 85 kwa saa 8. Ikipanda tatu tu, kufika 88, saa zinazoruhusiwa zinashuka kuwa nne. Kwenye 91 ni mbili. Hakuna desibeli nyumbani, lakini kuna alama rahisi: kama watu wawili walio umbali wa mkono mmoja wanalazimika kupiga kelele ili wasikilizane, masikio yao yanaumia. Fanyeni jaribio hilo karibu na bafle za nganda, au, msituchukie, karibu na bafle za kanisa zetu siku ya mkesha, pale tunapolaza watoto wachanga mbele kabisa.

Mume akirudi kazini na kusema masikio yanaimba kama nyenje usiku, msimcheke na msimpeleke kwanza kwa watu wa kutafuta mchawi. Seli zikichoka au zikifa, ubongo unakosa habari uliyozoea, nao unajitungia mlio. Hakuna kidonge kinachouondoa. Ila mtu anayelala kwenye kimya kikubwa huusikia zaidi, kwa hiyo redio ya sauti ya chini humsaidia wengi. Na mlio huo ni onyo: vya kuziba masikio avae sasa, wakati bado kuna cha kulinda.

Sasa dawa. Hapa tutakaa, kwa sababu ni sisi tunaoshika mkono wa mtoto wakati sindano inaingia.

Kila mama wa hapa amewahi kunywa kinini au kumwona mtoto wake akitundikiwa. Masikio yanalia, sauti zinakuwa mbali, kichwa kinazunguka. Mara nyingi hilo linapita dawa ikiisha mwilini. Dozi ikizidi linaweza kubaki. Kwa malaria kali kuna dawa bora, artesunate. Utafiti uliotangazwa mwaka 2010 ulifanywa kwa watoto 5 425 katika nchi tisa za Afrika, Congo yetu ikiwamo. Kati ya waliopewa kinini walikufa kama 11 kwa kila 100. Waliopewa artesunate, kama 8 au 9. Tangu hapo Shirika la Afya Ulimwenguni linaitaka artesunate itangulie kwa watoto. Msikatae kinini kama ndiyo iliyopo na mtoto anazimia! Malaria inaua kabla sikio halijalia. Lakini kuuliza, "Munganga, artesunate iko?" si ukosefu wa heshima.

Kundi la pili ni sindano kama jentamisini, streptomisini na kanamisini. Zinaokoa maisha, hasa ya watoto wachanga wenye maambukizi, lakini zinaingia ndani ya lile konokono na kuua seli, na huo uziwi haurudi. Wagonjwa wengi wa kifua kikuu kisichosikia dawa walipona mapafu wakapoteza masikio. Kwa ajili hiyo, tangu mwaka 2018, Shirika la Afya Ulimwenguni lilisema kanamisini iachwe na watu hao watibiwe kwa vidonge. Jentamisini bado iko kila mahali, hata kwa wauza dawa wa barabarani. Pale hatari ni dozi ya kukisia na siku zisizohesabiwa.

Tena kuna jambo linalotuhusu wamama peke yetu. Mwaka 1993 watafiti walipata kasoro ndogo ya urithi ambayo inapita kwa mama tu, baba haipitishi, na mwenye nayo anaweza kuwa kiziwi kwa sindano chache tu za kundi hilo. Hatusemi uziwi wote ni kosa la mama. Wamama wamekwisha kubebeshwa mengi. Tunasema hivi: kama katika ukoo wa mama yako, kwake, kwa ndugu zake, kwa watoto wa dada zako, kuna mtu aliyeacha kusikia baada ya sindano, mwambie munganga kabla hajavuta dawa, na liandikwe kwenye karatasi ya mtoto.

Wengine mtauliza juu ya kobalti. Mwaka 2018 watafiti wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi na wa Leuven, Ubelgiji, walichapisha kazi yao juu ya Kasulo, kartie ile ambayo tangu 2014 watu wanachimba hata chini ya vitanda vyao. Walikuta mkojo wa watoto wa pale una kobalti kama mara kumi kuliko ya watoto wanaokaa mbali na mashimo. Na kwa upande mwingine, madaktari wa Ulaya na Marekani wamekuta watu waliowekewa nyonga za chuma chenye kobalti, chuma kikalika, damu ikajaa kobalti, na baadhi yao masikio yakaziba au yakaanza kulia. Tusiunganishe haraka hizo habari mbili. Wale wa nyonga walikuwa na kobalti nyingi sana ndani ya damu, na kule Kasulo walipima mkojo, damu na vumbi, hawakupima masikio. Sisi tungependa yapimwe. Mpaka siku hiyo, nguo za kazi za baba zifuliwe peke yake, na vumbi la ndani lifutwe kwa kitambaa chenye maji, lisifagiliwe kavu mtoto akiwa chini.

Neno moja la kizunguzungu. Mama mmoja wa kikundi chetu aliacha kwenda soko miezi miwili. Kila akigeuka kitandani, nyumba yote ilizunguka, halafu ilitulia kabla ya dakika kwisha. Damu yake ilipimwa mara tatu, haikuwa ya kupanda. Karibu na lile konokono kuna chembe ndogo kama mchanga zinazotuonyesha kusimama na kuinama; zikitoka mahali pake zikaingia kwenye mifereji ya jirani, kichwa kinadanganywa. Daktari John Epley wa Marekani alitafuta namna ya kumlaza na kumgeuza mgonjwa hatua kwa hatua ili mchanga urudi, akaichapisha mwaka 1992. Haina dawa wala kisu. Mama huyu alifanyiwa na munganga aliyeijua, mara mbili, na sasa anauza ndizi zake. Lakini kizunguzungu chenye mdomo kupinda, mkono kulegea au maneno kukwama ni kitu kingine: ni hospitali saa ile ile.

Yule mtoto wetu sasa anakaa benchi la kwanza, sikio zuri likielekea kwetu. Tulimpeleka na mama yake kwenye kituo cha afya. Usaha ulikaushwa kwa kitambaa safi kilichosokotwa, kikibadilishwa mpaka kitoke kikavu, ndipo matone ya dawa. Hakuna mafuta ya moto, hakuna kijiti cha kibiriti. Ngoma ya sikio bado ina tundu, na sikio hilo halitasikia kama lingine. Imla yake ya mwisho ilikuwa na makosa manne. Tulimwomba msamaha mbele ya darasa.

Mkutano ujao, njoni na watoto wa miaka mitano na zaidi, na karatasi zao za dawa. Tutasimama nyuma ya kila mmoja, umbali wa mkono, tumzibe sikio moja, tumnong'oneze tarakimu tatu naye azirudie, kisha sikio la pili. Atakayeshindwa tutamwandikia kituo cha afya. Wenye usaha msiwaoshe kwanza ili wapendeze, leteni walivyo.